Malkia na Gundi ya Viatu

Sehemu ya tisa

Jumapili iliyopita tulimwacha Ersilia Bonfatti katikati ya jukwaa la mji wetu wa Roccalenta, taji kichwani, kikombe cha sumu mkononi, mdomo wazi, na ndani ya mdomo hamna kitu.

Wiki nzima nimepokea barua. Mwalimu mmoja mstaafu ameniandikia kwamba mtu aliyefanya nilichofanya mimi anastahili kufungiwa ndani ya kile kisanduku chake na ufunguo utupwe mtoni. Nakubaliana naye. Namkumbusha tu kwamba kisanduku changu hakikuwa na mlango. Kilikuwa tundu.

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, labda kwa sababu limefungiwa jibini, nikueleze upesi. Mimi ni Oreste Ghiretti. Nilikuwa fundi viatu, nikajifunza kusoma muziki katika shule ya usiku, nikawa mnong'onezi wa opera kwa miaka thelathini na mmoja. Mnong'onezi hukaa chini ya sakafu ya jukwaa, kichwa kimetokeza mbele ya waimbaji, kikiwa kimefunikwa ili watazamaji wasikione. Kazi yake ni kumrushia mwimbaji neno la kwanza la kila mstari kabla hajalihitaji. Akiifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba yupo. Mimi, kwa bahati mbaya, nilitaka kujulikana.

Sasa kosa lenyewe. Katika tendo la tatu la ile opera ya malkia kuna kurasa nne ambazo hapa kwetu hazikuwa zikiimbwa. Sijui nani aliziondoa. Labda soprano fulani wa zamani mwenye mafua. Kwa miaka hamsini kila aliyeimba Roccalenta alizivuka kama mtu anayeruka dimbwi. Akaja Maestro Tirelli, kiongozi wa okestra, kijana wa miaka thelathini na minne kutoka Torino, akatangaza siku ya Alhamisi: safari hii tunaziimba.

Ersilia akajifunza. Okestra ikajifunza. Mimi nikatabasamu.

"Maestro," nilimwambia, "kitabu hiki nimekishika wewe hujaota meno."

Wala sikuzifungua zile kurasa. Nilikuwa nimezibandika pamoja kwa gundi, kwa ajili ya usafi, na nilikuwa na hakika kwamba ikifika Jumapili atakuwa ametubu.

Hakutubu. Ersilia alipofika ukingoni mwa dimbwi, mimi, kwa sauti ya mtu asiyekosea, nikamrushia maneno ya ng'ambo. Okestra ikaingia dimbwini. Na yeye, kwa kuwa mwimbaji humwamini mnong'onezi kuliko masikio yake mwenyewe, akabaki hewani.

Haya, twende.

"Maneno!" Ersilia alininong'oneza bila kusogeza midomo. Waimbaji wote wanajua kusema hivyo, na wake za watu wanaogombana na waume zao kanisani.

Nikafunua kitabu. Hakikufunuka. Gundi ile, wasomaji, ni ile niliyokuwa nikishikizia soli za wachimba mifereji, watu wanaoshinda ndani ya maji kuanzia Machi hadi Oktoba. Haikutengenezwa ili ibanduke. Nikatia kucha. Nikatia meno. Nikavuta.

Nusu ya ukurasa ikabaki kitabuni. Nusu nyingine ikabaki kwenye meno yangu.

Fidla ziliendelea peke yao, zikimsubiri malkia. Huko juu, kwenye ghorofa ya mwisho chini ya paa, wanakokaa wale wasiosamehe, ukapigwa mluzi mmoja mrefu.

Nilifumba macho. Kwa maana kwetu mluzi si mchezo. Miaka kumi na mmoja kabla ya siku ile, katika opera hii hii, juu ya mbao hizi hizi, watu hawa hawa walimpigia Ersilia miluzi, kwa kuanza mstari mapema, mpaka akatoka jukwaani akiwa ameshika viatu mkononi. Binti wa mfua nguo wa hapa hapa! Alipanda treni, akaenda kuimba Lizboni, Aleksandria, Bukaresti, popote ambako hakuna mtu wa Roccalenta. Kwetu husemwa kwamba mji wako ukikupigia miluzi mara moja umekufunza, mara ya pili umekuzika. Hakuna ukumbi kando ya mto wetu wote ambao ungemwita tena. Naye alikuwa na miaka arobaini na mmoja, sauti inaanza kushuka, na alikuwa amerudi kwa ombi moja tu: aimbe nyumbani, asikilizwe mpaka mwisho.

Mluzi wa pili. Wa tatu. Kisha sauti nzito ya Primo Cantarelli, mwuza nyama, jaji mkuu wa ghorofa ya juu.

"Maestro! Umepotea njia!"

Nikafumbua jicho moja.

"Siyo huko, Maestro! Geuza!"

"Ruka, bwana, ruka!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Malkia yuko sawa, wewe ndiye umelewa mchana!"

Wasomaji wangu, tulieni hapo mwone ukubwa wa watu wetu. Opera hii wanaijua kwa moyo, toka bibi mpaka mjukuu, lakini wanaijua pamoja na tundu lake. Mahali ambapo hawajawahi kusikia muziki, kwao hapakuwa na muziki. Basi Tirelli alipopiga kilichoandikwa, wakamwona mjinga, na Ersilia aliyenyamaza wakamwona mwenye akili. Miluzi ikamshukia Maestro mgongoni kama mvua ya mawe kwenye zabibu.

Nitakiri. Nilifurahi.

"Nyamaza hivyo hivyo, mwanangu," nilimnong'oneza Ersilia. "Tumepona."

"Tumepona nini?"

"Wanampigia yeye. Siyo wewe."

Tirelli akaweka chini kijiti chake. Okestra ikafa kidogo kidogo, tromboni ya mwisho kama kawaida. Akageuka kuwatazama watu, mweupe kama unga.

"Mabibi na mabwana," alisema, "kuna kurasa nne ambazo baba zenu waliziiba katika opera hii. Mimi nimezirudisha."

"Baba yangu aliuza nyama miaka arobaini," Cantarelli alijibu toka juu, "hakuiba hata mkia wa nguruwe!"

"Na kile kidole chake kwenye mizani?" mtu mmoja aliuliza.

Ukumbi ukacheka. Cantarelli hakucheka.

"Tusibishane. Ersilia yupo. Aseme yeye. Bonfatti, nani kakosea hapa?"

Ersilia alichotakiwa kufanya ni kunyoosha kidole. Kidole kimoja kwa Maestro, na Tirelli angepanda treni ya saa moja, na Ersilia angekuwa malkia wetu mpaka kufa. Tirelli alilijua hilo. Alimtazama kama mtu anayemtazama daktari akisoma karatasi.

"Mwonyeshe yeye," nilinong'ona. "Kidole tu, mwanangu."

Ersilia alikishusha kikombe cha sumu, akakipigiza juu ya kifuniko changu. Sumu yetu ni maji ya bomba. Yote yakanimwagikia kwenye upara.

"Maestro yuko sawa," alisema. "Kurasa zipo. Mimi ndiye niliyenyamaza. Naomba niziimbe."

"Kwa hiyo umekosea?" Cantarelli aliuliza. Kisha, polepole: "Tena?"

"Tena," alisema Ersilia.

Mtu mwenye haya angesimama pale pale aseme kosa ni lake. Mimi nilikaa. Kisanduku cha mnong'onezi kina faida hiyo, kwamba hakuna anayekulaumu kwa kutosimama.

Tirelli akaokota kijiti. Ersilia akainama kidogo, kama malkia anayetafakari.

"Neno la kwanza tu, mzee Oreste. Mengine yatakuja yenyewe. Hofu imenifutia neno la kwanza."

Nilitazama kile kipande nilichokitoa mdomoni. Kilikuwa na miisho ya mistari. Mianzo yote ilikuwa kitabuni, ndani ya gundi. Na mtu huyu, yaani mimi, ndiye ambaye mkahawani, kila Jumamosi, alijitangaza kwamba ana opera themanini na sita kichwani, na kwamba akifa watazikosa.

"Sijui," nikasema.

"Nini?"

"Sijui!"

Hofu haina kipimo. Nilikuwa nimetoa kichwa nje ya kifuniko kukwepa maji, na neno likatoka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuitumia. Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kunong'ona, mji mzima ulisikia sauti ya mnong'onezi wake kwa mara ya kwanza, ikisema kwamba haijui.

"Nani huyo?" mwanamke aliuliza.

"Ghiretti. Yule fundi viatu."

"Kumbe yu hai?"

Walicheka mpaka wakachoka. Na kicheko kilipokwisha, ikasikika karatasi ikichakarishwa huko juu.

Cantarelli alikuwa na kitabu cha muziki cha babu yake. Kila Jumapili alikuja nacho, kimefungwa katika karatasi ya kufungia nyama, ili awanase waimbaji wanapoteleza. Kilipigwa chapa kabla ya yule soprano mwenye mafua. Kwa miaka yote hiyo naye alifika kwenye dimbwi akafunua kurasa nne kwa mkupuo, kama sisi wote. Sasa alizifunua moja moja.

"Zipo," alisema kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kwamba anayo. "Jamani. Zipo kweli."

"Basi soma, acha kutia mate kidole!" mtu alimkemea.

"Inaanza... ngoja, miwani. Inaanza 'Maji haya'. Ersilia! 'Maji haya'!"

Ersilia alifumba macho. "Ahsante, Cantarelli."

"Imba, mama. Mnong'onezi wako leo ni mimi."

Mwuza nyama! Toka ghorofa ya juu! Kama kuna mtu aliwahi kuachishwa kazi mbele ya watu mia saba na hamsini, ni mimi.

Akaimba.

Kueleza muziki siwezi. Shule ya usiku nilipewa alama mbili kati ya kumi kwa insha juu ya machweo, na sijaendelea sana tangu hapo. Nitasema nilichokiona. Mnong'onezi haoni nyuso vizuri, anaona viatu. Nilimshonea Ersilia viatu vyake vya kwanza vya kwaya akiwa na miaka saba, namjua kisigino. Alipofungua mdomo, vidole vyake vilikuwa vimeikamata soli kama kucha za kuku tawini. Ulikuwa wimbo wa chini, wa taratibu. Hauna ile noti ya juu ambayo watu wetu huisubiri na bunduki. Ni malkia tu anazungumza na maji kikombeni, anayauliza kama yatakuwa baridi. Sauti yake ilikuwa imekomaa, imeingia giza, na hakuificha. Kwenye mstari wa tatu vidole vikaachia soli. Mara ya kwanza toka arudi.

Ikaisha. Ikaishia njiani, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Hakuna aliyepiga makofi.

Lazima uwajue watu wetu. Roccalenta hupiga makofi kabla noti ya mwisho haijaisha, kuonyesha kwamba wanajua. Huu hawakuujua. Hakuna aliyethubutu kuwa mtu aliyepiga makofi mapema mbele ya Cantarelli, na Cantarelli alikuwa bado anatafuta mstari. Nikahesabu muda kama kwenye muziki: pigo moja. Mapigo matano. Kumi. Nikaona kisigino cha Ersilia kinageukia mlango, kama miaka kumi na mmoja iliyopita.

Basi nikafanya ambacho katika kazi yetu hakifanywi. Nikapiga makofi, peke yangu, toka ndani ya tundu.

"Kwani ndiyo mwisho hapo?" Cantarelli aliuliza.

"Ndiyo!" Tirelli alijibu, karibu alie.

"Si mngesema!"

Hapo ukumbi ukalipuka. "Rudia! Rudia!" Aliurudia mara mbili. Mara ya pili ghorofa ya juu iliunguruma naye chini kwa chini, na ninavyowajua, kufikia Jumanne walikuwa wanaapa kwamba bibi zao waliuimba wakifua.

Tukienda mapumzikoni kabla ya tendo la nne, Ersilia Bonfatti hakuwa amezikwa. Nilifika chumbani kwake nikiwa nimelowa, nikitegemea kwamba furaha ingefunika kila kitu.

Mke wangu, Argia, ndiye aliyekuwa mvishaji wake. Alikuwa anamchomoa pini za taji, na mezani palikuwa na paja la nguruwe lililokaushwa, limefungwa utepe mwekundu, toka kwa Cantarelli.

"Ameingia bingwa," alisema Argia. "'Sijui!' Miaka thelathini na mitatu namsubiri aliseme neno hilo nyumbani, kaja kulisema kwa watu."

"Mwache, mama Argia," Ersilia alicheka. Alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa mkono ule ule. "Mzee Oreste, nipe ule ukurasa. Ule ulioutafuna. Nauwekea kioo, niutundike ukutani."

Nikauweka mkono juu ya mfuko wa koti.

Sasa niwaambie nililowaficha wiki tisa. Niliandika kwamba nilizibandika zile kurasa kwa ajili ya usafi. Mwalimu wetu wa shule ya usiku alikuwa akisema: kosa lako liandike kwa mkono wako, weka tarehe, nawe hutalirudia. Nilimtii maisha yangu yote. Nikisahau mwavuli naandika. Na siku ile Ersilia alipopigiwa miluzi, miaka kumi na mmoja kabla, nilikwenda nyumbani, nikakifungua kitabu, nikaandika pembeni mwa ukurasa wa kwanza wa zile nne, kwa kuwa hakuna aliyezifungua kamwe. Nikasoma nilichoandika. Nikaenda kuchukua gundi.

"Umeharibika," nilimwambia Ersilia. "Umelowa. Hausomeki."

"Unatokeza mfukoni mwako, baba wee," alisema Argia, akauchomoa. Mwanamke aliyeishi na mifuko ya koti langu miaka thelathini na mitatu haombi ruhusa.

Argia aliacha shule akiwa na miaka tisa, lakini mwandiko wangu anausoma. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Ikaacha kusogea.

"Oreste," alisema. Hakuwa ameniita hivyo tangu padri alipomlazimisha siku ya harusi.

Akampa Ersilia. Penseli ilikuwa imefifia, alama za meno yangu zimepita katikati, lakini ilisomeka vizuri sana. *Februari 8. Nimempa Bonfatti neno mapigo mawili mapema. Aliingia kwa sababu aliniamini. Kosa ni langu, siyo lake.*

Ersilia aliusoma amesimama. Akausoma tena ameketi.

"Miaka kumi na mmoja," alisema. "Lizboni nilikuwa nahesabu mapigo kwa vidole vya miguu. Aleksandria hivyo hivyo. Nilijua sina masikio, basi nahesabu. Nyimbo nzuri zote za maisha yangu nimeziimba nikihesabu kama mwuza mayai."

"Mwanangu..."

"Usiniite mwanangu."

Kengele ya tendo la nne ikalia. Argia akanyanyua taji. Ersilia akalisukuma pembeni.

"Rudi kisandukuni, mzee Oreste," alisema. "Nataka nikuone vizuri."

Nikarudi. Ningekwenda wapi? Pazia likafunguka. Malkia hutakiwa kuingia toka kushoto, mgonjwa, ameegemea wajakazi wawili. Ersilia alikuja peke yake, kichwa kitupu, hatua za mfua nguo anayefuata beseni lake, mpaka mbele kabisa. Akamwinulia Tirelli mkono. Okestra ikanyamaza, tromboni ya mwisho.

"Cantarelli!" aliita. "Wewe unapenda kusoma. Nimekuja na ukurasa ambao kitabu cha babu yako hakina."

"Ulete, mama!" Cantarelli alijibu. "Miwani ninayo!"

"Hapana. Atausoma aliyeuandika."

Akainama, akauingiza mkono chini ya kifuniko, akauweka ukurasa mbele ya pua yangu.

"Toa kichwa nje," aliniambia kwa upole. "Na kwa sauti ile ile ya 'sijui'."

Nikatoa kichwa. Nikavua miwani, nikaifuta. Nikaivaa. Nikaivua, nikaifuta tena. Juu walikuwa wananisubiri wote, watu wanaojua kila noti na wasiosahau hata moja, na mwuza nyama ameegemea ukingo, mkono sikioni.

Nikabaki pale, taji sina, sumu sina, mdomo wazi.